Mnyang'anyi Asiyenyongeka

Washairi wa pwani hawahitaji kuelezwa kwamba mahadhi na maneno ni vitu viwili, na kwamba kila kimoja kina safari yake. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa walimsikiliza Juma Bhalo kwa miaka mingi akiimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, juu ya mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi. Mahadhi yalikuwa jahazi; kilichopimwa bandarini ni shehena. Je, maneno yana vina na mizani? Fumbo lake lina uzito? Msikilizaji aliyezoea kupima hivyo hataiona kuwa ngeni historia ya mchezo mmoja wa nyimbo uliozaliwa London mwaka 1728, uitwao The Beggar's Opera, yaani Opera ya Ombaomba. Mchezo huo unakaribia kutimiza miaka mia tatu, wala haukufika umri huo kwa kuhifadhiwa kama ulivyotungwa. Umefika kwa kuandikwa upya, mji baada ya mji, kila mji ukitia maneno yake, na kisa chake kikibaki kile kile: mnyang'anyi anahukumiwa kunyongwa, na mwishoni hanyongwi.

Mtunzi wake, John Gay, alikuwa rafiki wa Jonathan Swift na Alexander Pope, lakini hakuwa na bahati ya vyeo. Alisubiri fadhila za kasri kwa miaka mingi, na alipotawazwa Mfalme George wa Pili mwaka 1727, alichopewa ni kazi ya kumhudumia binti mfalme ambaye bado alikuwa mtoto mdogo. Gay aliikataa. Tangu mwaka 1716 Swift alikuwa amedokeza kwamba ingefaa utungwe utungo wa malishoni, kwa mfano wa zile tungo za kale za wachungaji na mapenzi yao, isipokuwa watu wake wawe wezi na malaya wa gereza la Newgate. Gay aliuchukua mzaha huo akaufanya kazi kamili.

London ya siku hizo ilikuwa imeshikwa na opera ya Kiitaliano, iliyoimbwa kwa lugha ambayo wengi wa watazamaji hawakuielewa, na iliyojaa miungu, wafalme na waimbaji wa gharama kubwa. Mwaka 1727 ushindani wa waimbaji wawili wa kike, Faustina Bordoni na Francesca Cuzzoni, uliwagawa mashabiki hata ukumbi ukageuka uwanja wa fujo. Gay aliwaondoa wafalme akaweka wezi, na mahali pa mabibi wale wawili akawaweka Polly Peachum na Lucy Lockit, wanaogombea mume mmoja, mnyang'anyi wa njia kuu aitwaye Macheath. Nyimbo zake ni 69, na mahadhi yake karibu yote yalikuwa ya kuazima. Mengine yalitoka katika nyimbo za mitaani zilizouzwa kwa karatasi mojamoja, mengine kwa Purcell, na maandamano ya kijeshi kutoka opera ya Handel iitwayo Rinaldo yakapewa wanyang'anyi wanapotoka kwenda kuiba. Johann Christoph Pepusch, mwanamuziki mzaliwa wa Ujerumani, alitunga muziki wa ufunguzi. Mtazamaji alikuja ukumbini akiwa na mahadhi tayari kichwani. Kilichomshtua ni kusikia maneno mapya mahali alipoyatarajia yale aliyoyajua.

Na maneno hayo yalikuwa makali. Peachum, baba yake Polly, hununua mali ya wizi na papo hapo hupokea zawadi ya serikali kwa kuwapeleka wezi mahakamani. Mwizi asiyeleta faida tena huuzwa kwa mnyongaji. Kila mtu wa London alimtambua Jonathan Wild, aliyefanya biashara hiyo hiyo mpaka akanyongwa mwaka 1725. Wengi walimtambua pia Sir Robert Walpole, waziri mkubwa wa zama zile, ambaye hongo na upendeleo wake vilikuwa hadithi ya kila barza. Ukumbi wa Drury Lane uliukataa mchezo huo. John Rich, mwenye ukumbi wa Lincoln's Inn Fields, aliupokea, na ulipofunguliwa tarehe 29 Januari 1728 ulichezwa mara 62 katika msimu mmoja, idadi ambayo London haikuwa imeizoea. Jina la Gay lina maana ya mchangamfu, na la Rich lina maana ya tajiri; watu wa mji wakatania kwamba mchezo ule umempa kila mmoja jina la mwenzake.

Ufunguo wa mchezo wote uko mwishoni. Macheath amekwisha kuhukumiwa na kitanzi kinamngoja. Hapo anaingia Ombaomba, ambaye tangu mwanzo ameletwa jukwaani kama ndiye mtunzi, akijadiliana na mwigizaji mmoja. Mwigizaji anapinga: opera lazima iishe kwa furaha. Ombaomba anakubali, na msamaha unapigiwa kelele. Kisha anaeleza alichokusudia tangu awali, nacho ni kuonyesha kwamba watu wa chini wana maovu sawasawa na wakubwa, ila wao huadhibiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo msamaha wa Macheath haukuwa huruma. Amesamehewa jinsi wakubwa wanavyosamehewa, yaani bila sababu, na watazamaji wanacheka huku wakijua wanachochekea.

Gay alitaka kuendelea. Katika mwaka ule ule aliandika mchezo wa pili, Polly, unaomfuata binti Peachum mpaka visiwa vya Karibi akimtafuta mumewe. Polly anauzwa kwa mwenye shamba aitwaye Ducat. Macheath amejipaka rangi nyeusi na kujiita Morano, sasa ni kiongozi wa maharamia. Na wenyeji wa visiwani ndio pekee wenye heshima na ukweli wa ahadi. Wizi umevuka bahari ukawa biashara ya mashamba na watumwa. Na huko Macheath hasamehewi. Anauawa kwa hukumu, na Polly anapopata kumtambua na kumwombea maisha, wakati umekwisha kupita.

Mchezo huo haukuonekana. Mnamo Desemba 1728 afisa wa kasri mwenye mamlaka juu ya kumbi za michezo, Mtawala wa Grafton, aliupiga marufuku. Gay aliuchapisha kama kitabu mwaka 1729, na bibi wa Mtawala wa Queensberry aliuza nakala kwa wanunuzi wa kabla mpaka ndani ya kasri ya mfalme, naye akafukuzwa humo kwa ajili hiyo. Kitabu kilimpatia Gay fedha nyingi, lakini jukwaa alilikosa. Alifariki mwaka 1732, na Polly haikuigizwa mpaka 1777. Mwaka 1737 Bunge lilipitisha sheria iliyotaka kila mchezo mpya ukaguliwe kabla ya kuchezwa, na ukaguzi huo ulidumu Uingereza mpaka 1968. Basi mwendelezo ulioandikwa na mtunzi mwenyewe, kwa kalamu ile ile na wahusika wale wale, ulifungiwa mlango. Na hata ulipofunguliwa, haukupata kupendwa kama wa kwanza. Kilichoishi ni mchezo wa awali, na kiliishi mikononi mwa wageni.

Karne mbili zilipita, na makali ya mchezo yakafunikwa na uzuri wake. Mwaka 1920 Nigel Playfair aliurudisha katika ukumbi wa Lyric, Hammersmith, muziki ukiwa umepangwa upya na Frederic Austin, na ukachezwa mara 1,463. Ulikuwa uigizaji wa mavazi ya kupendeza na sauti tamu. Lakini habari ya ufanisi huo ilifika Berlin, kwa mwanamke aliyejua kusoma Kiingereza na kujua kazi ya fasihi: Elisabeth Hauptmann. Yeye ndiye aliyeufasiri mchezo wa Gay kwa Kijerumani, na tafsiri yake ndiyo aliyoishika Bertolt Brecht alipokutana na Ernst Josef Aufricht, aliyekodi ukumbi wa Schiffbauerdamm akitafuta mchezo wa kuufungulia. Kurt Weill alitunga muziki. Die Dreigroschenoper, yaani Opera ya Senti Tatu, ilifunguliwa tarehe 31 Agosti 1928, miaka mia mbili na miezi michache baada ya ile ya Gay.

Weill hakufanya kama Gay. Katika mahadhi yote ya zamani alibakiza moja tu, wimbo wa asubuhi wa Peachum. Yaliyosalia aliyatunga mwenyewe kutokana na jazi, ngoma za kumbi za dansi na nyimbo za kanisani. Aliazima namna ya kuazima: muziki wa watu wa mitaani uliingizwa katika opera ili opera iwaseme walio juu. Peachum wa Berlin ni mwenye kampuni ya ombaomba. Huwakodisha majeraha ya bandia na matambara, na huwatishia wakubwa kwamba atawamwaga barabarani siku ya kutawazwa malkia. Na Macheath anaposimama chini ya kitanzi, mjumbe anakuja juu ya farasi: malkia amemsamehe, amempa cheo cha kurithiwa, kasri, na posho ya pauni elfu kumi kwa mwaka. Msamaha wa Gay ulikuwa matakwa ya jukwaa. Wa Brecht unatoka serikalini, pamoja na mshahara.

Suala la nani mwenye mali halikuchelewa. Mwaka 1929 mhakiki Alfred Kerr alifichua kwamba baadhi ya nyimbo za Brecht zilichukuliwa kutoka tafsiri ya K. L. Ammer ya mashairi ya Mfaransa François Villon, bila jina la mfasiri kutajwa. Brecht alijibu kwamba katika mambo ya mali ya akili yeye si mtu wa kushika sana mipaka. Jibu hilo lina ladha ya ushujaa mpaka utazame mkataba wa mrabaha: Brecht asilimia 62.5, Weill asilimia 25, na Hauptmann, ambaye bila yeye pasingekuwapo mchezo, asilimia 12.5. Mchezo unaosimulia jinsi wenye nguvu wanavyokula jasho la wengine ulikuwa na hesabu zake wenyewe za kujibu. Mkopo wa fasihi ni halali na wa kale. Kulificha jina la aliyekopesha, au kulipunja, ni jambo jingine.

Ulio mashuhuri kuliko wote katika mchezo huo ni wimbo wa kisu cha Mackie. Umefuata aina ya kale ya Kijerumani, wimbo wa mauaji ulioimbwa sokoni kwa kinanda cha kuzungusha, mwimbaji akiwaeleza watu nani ameuawa na nani ametoroka. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na wimbo wa namna hiyo. Mwezi wa Machi 1928, miezi mitano kabla ya usiku ule wa Berlin, Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za kwanza za Kiswahili za aina yake. Kati ya nyimbo zilizomtia Siti midomoni mwa watu ni ule wa Kijiti, unaosimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji aliyekimbilia bara, na wanawake mashahidi waliotiwa hatiani badala yake. Berlin haikuijua Unguja, wala Unguja haikuijua Berlin. Lakini mtu wa Ng'ambo aliyeusikiliza wimbo wa Kijiti asingehitaji mkalimani wa kumfasiria Macheath.

Wimbo ukiachana na mchezo wake hukutana na mambo. Brecht na Weill waliikimbia Ujerumani mwaka 1933, na Wanazi wakaupiga marufuku mchezo wao. Mwaka ule ule ulijaribiwa New York, ukafungwa baada ya maonyesho 12. Marc Blitzstein akautia Kiingereza kipya, na tafsiri yake, iliyofunguliwa mwaka 1954 katika ukumbi mdogo wa Theatre de Lys, hatimaye ilichezwa mara 2,707 mpaka 1961, Lotte Lenya, mjane wa Weill, akiwa Jenny. Mwaka 1955 Louis Armstrong aliurekodi wimbo wa kisu akalitia jina la Lenya mwenyewe miongoni mwa wanawake wanaotajwa ndani yake. Bobby Darin akaurudia mwaka 1959 ukawa wimbo wa kuchezea dansi. Katika miaka ya 1980 kampuni ya McDonald's iliyatumia mahadhi yake kutangazia mikate ya nyama. Hapo ndipo inapoonekana hatari ya mahadhi yasiyo na maneno yake: jahazi limefika salama, shehena imetupwa baharini.

Walioirudisha shehena walitoka katika miji yenye hofu. Huko Chekoslovakia, Václav Havel aliuandika upya mchezo wa Gay mwaka 1972, na akaacha kabisa nyimbo. Watu wake huzungumza kwa sentensi laini za ofisini, kila mmoja akimsaliti mwenzake kwa hoja nzuri. Macheath wa Havel hasamehewi wala hanyongwi. Anakubali kushirikiana na polisi, kwa kuwa kila mtu ameshakubali. Mchezo huo ulionyeshwa mara moja tu, tarehe 1 Novemba 1975, katika ukumbi wa mkahawa huko Horní Počernice, kando ya Prague, na walioshiriki wakahojiwa na kusumbuliwa makazini mwao.

Nijeria, Wole Soyinka alionyesha Opera Wonyosi katika Chuo Kikuu cha Ife mnamo Desemba 1977. Wonyosi ni aina ya lesi ya bei kubwa iliyowapumbaza matajiri wa mafuta wa siku zile. Mchezo umewekwa miongoni mwa Wanijeria waishio Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakati Jean-Bédel Bokassa anajiandaa kujitawaza kuwa mfalme mkuu, jambo alilolifanya kweli tarehe 4 Desemba 1977, juu ya kiti cha enzi chenye umbo la tai. Kwa Soyinka, sherehe ya kutawazwa haikuhitaji kubuniwa. Msamaha unatoka kwa mtu ambaye, kuliko wafungwa wote anaowasamehe, ndiye aliyestahili kushitakiwa.

Mwaka uliofuata, 1978, mchezo ulitokea mahali pawili. Rio de Janeiro, Chico Buarque, ambaye mchezo wake Calabar ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1973 na utawala wa kijeshi wa Brazili, alileta Ópera do Malandro. Aliuweka katika mtaa wa Lapa wa miaka ya 1940, akaujaza samba, na mnyang'anyi wake ni mfanya magendo ambaye biashara yake inageuzwa kuwa kampuni halali. Huo ndio msamaha wake. Mtunzi wa kubuni anayeletwa jukwaani badala ya Ombaomba anaitwa João Alegre. Kwa Kireno jina hilo ni Yohana Mchangamfu, yaani John Gay. Ndivyo mshairi anavyomlipa deni mshairi, tofauti na alivyolipwa Ammer.

Huko Pune, India, P. L. Deshpande aliuandika kwa Kimarathi, chini ya uongozi wa jukwaani wa Jabbar Patel, ukaitwa Teen Paishacha Tamasha. Msomaji wa Kiswahili ataliona neno la mwisho akalijua. Tamasha kwa Wamarathi ni ngoma yao ya kienyeji ya nyimbo, vichekesho na maigizo. Kwa Waswahili ni maonyesho au sherehe. Neno limesafiri kwa njia ile ile ya bahari iliyoleta mahadhi ya Juma Bhalo, na kila bandari imelipa maana iliyoihitaji.

Ukiziweka nakala hizi sambamba, kinachozitofautisha si muziki wala mavazi. Ni anayesamehe. London ni jukwaa lenyewe. Berlin ni malkia. Prague ni polisi. Bangui ni mfalme wa kujitawaza. Rio ni sheria ya biashara. Kila mfasiri alilazimika kujiuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: katika mji huu, ni nani awezaye kumwondoa mnyang'anyi kitanzini, na kwa sababu gani? Asiyelijibu hubaki na nyimbo nzuri peke yake, kama ilivyokuwa Hammersmith. Na Gay mwenyewe, alipojaribu kumfanya mnyang'anyi wake afe kama sheria inavyotaka, alipata mchezo ambao kwanza ulizuiwa na baadaye haukupendwa. Yumkini watazamaji waliona kwamba kifo kile hakikufanana na dunia waliyoiishi.

Mchezo wa Gay leo ni mali ya umma. Hauna mwenyewe wa kuombwa ruhusa, na mshairi wa Lamu, Unguja au Mombasa akitaka kuufasiri, atakuta kazi ya mahadhi imekwisha kurahisishwa na desturi yake mwenyewe: mahadhi 69 anaweza kuyaokota mitaani, katika harusi, katika santuri za kale na filamu za jana. Kazi ngumu itabaki katika ukurasa wa mwisho, pale mjumbe anapofika na barua. Itambidi aseme ni nani aliyeitia sahihi.